Dawa za sukari na kongosho kuvimba ghafla: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mama yangu ni mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, aina ya pili, na miezi michache baada ya kubadilishiwa dawa alipata maumivu ya tumbo akakaa nayo siku mbili nzima anameza dawa za vidonda vya tumbo, manake sisi wote nyumbani tulijua ni vidonda, na hata kituo cha kwanza tulichompeleka walitupa dawa za kupunguza asidi tukarudi naye. Hakuna aliyeuliza anatumia dawa gani ya sukari na sisi hatukusema. Kumbe ni kongosho. Alipona, namshukuru Mungu, ila alilazwa siku 11, na toka hapo nimekuwa mtu wa kusoma hili jambo na kuwauliza madaktari kila nikipata nafasi. Mimi sio daktari. Haya ni maswali ambayo watu wananiuliza sana na nimeyajibu kwa namna nilivyoelewa.

Kongosho ndo nini hasa, na likivimba ghafla kunatokea nini?

Ni kiungo kirefu kirefu kimelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu kabisa na uti wa mgongo. Lina kazi mbili. Ya kwanza mnaijua wenye sukari, linatoa insulini. Ya pili linatengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, vya mafuta, vya protini, vya wanga, na hivi ni vikali kweli kweli, ndo maana kwa kawaida vile vinavyosaga protini vinatoka vikiwa vimelala na vinaamka vikishafika kwenye utumbo. Sasa ikitokea vimeamka humo humo ndani kabla ya kutoka, vinaanza kulisaga kongosho lenyewe. Linavimba, linajaa maji, na kwa mgonjwa aliyezidiwa sehemu yake inaweza kufa kabisa na mwili mzima ukaingia kwenye vurugu, figo, mapafu, presha inashuka.

Wagonjwa wengi, kama 8 kati ya 10, wanapata ile isiyo kali na wanapona ndani ya siku chache hadi wiki. Hao wawili waliobaki ndo wa kuogopewa, na siku ya kwanza huwezi kujua mtu ataangukia upande gani, kwahiyo kila mmoja anatakiwa awe hospitali.

Maumivu yake yakoje? Nitayatofautishaje na gesi au vidonda vya tumbo?

Hili swali ndo naulizwa kuliko yote na ningetamani mtu angeniambia mapema.

Yanaanza sehemu ya juu ya tumbo, chini ya kifua, katikati au yanaelekea upande wa kushoto, na kwa watu wengi yanapenya kwenda mgongoni kama vile mtu kafungwa mkanda. Sio ya kuja na kuondoka kama msokoto wa tumbo. Yanakuja, yanapanda, yanakaa hapo hapo masaa na masaa. Ukila yanazidi. Ukilala chali yanazidi. Wengi wanajikuta wamekaa wameinama mbele wamekumbatia magoti kwa sababu hapo ndo wanapata nafuu kidogo, mama alikuwa amekaa hivo hivo pembeni ya kitanda usiku mzima na sisi hatukujua kwamba ule mkao wenyewe ni dalili.

Pamoja na hapo kuna kutapika, na la ajabu ni kwamba mtu akitapika hapati nafuu. Gesi ukijamba au ukibeua inapungua, vidonda vingi vinatulia ukimeza dawa ya asidi, chakula kibovu kikishatoka unapumua. Hii haitulii. Unaweza kuwa na homa, moyo kwenda mbio, jasho, tumbo kugusika kwa shida. Ukiona na macho yamekuwa ya njano au mkojo umekuwa mweusi kama chai, hapo inawezekana kabisa kuna jiwe limeziba njia ya nyongo.

Lakini nisiwadanganye, kuna watu ambao haijiandiki hivo kama kwenye kitabu. Mwenye sukari ya muda mrefu mishipa yake ya fahamu inaweza kuwa imeharibika na maumivu akayasikia kidogo tu. Na tena mshtuko wa moyo kwa mgonjwa wa sukari nao unaweza kuja kama maumivu ya juu ya tumbo na kutapika. Kwahiyo usikae nyumbani unajaribu kuamua ni kipi kati ya hivi, kazi hiyo ina vipimo vyake.

Ni dawa gani za sukari zinazotajwa kwenye hili?

Kuna makundi mawili makubwa.

La kwanza ni kundi la GLP-1, nyingi ni sindano. Humo kuna eksenataidi (Byetta), liraglutaidi (Victoza, na Saxenda kwa uzito), dulaglutaidi (Trulicity), semaglutaidi (Ozempic, Wegovy, na vidonge vya Rybelsus), na karibu nao yuko tirzepataidi (Mounjaro) ambaye anafanya kazi kwa homoni mbili. Hizi zinaiga homoni ya utumbo inayoliambia kongosho litoe insulini pale sukari inapopanda, na zinachelewesha chakula kutoka tumboni ndo maana mtu anashiba haraka.

La pili ni kundi la DPP-4, hivi ni vidonge, majina yake yanaishia na gliptini: sitagliptini (Januvia), saksagliptini, linagliptini, vildagliptini, alogliptini. Hizi haziigi homoni, zinazuia ile homoni ya mwili wako mwenyewe isivunjwe haraka. Angalia na vidonge mchanganyiko, manake mtu anakwambia natumia metformini tu, ukisoma boksi unakuta imechanganywa na sitagliptini humo humo.

Makundi yote mawili yana onyo la kongosho kwenye karatasi ya maelezo ndani ya boksi, ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara ishirini ambayo wote tunaitupa.

Na metformini, insulini, gliklazidi?

Insulini haina shida hii, tena ndo inayotumika kumtibu mgonjwa wa sukari akilazwa na kongosho. Metformini inajulikana kwa kuharisha na tumbo kuvurugika mwanzoni, kongosho sio tabia yake. Gliklazidi na glibenklamaidi hofu yake kubwa ni sukari kushuka.

Na hizi mpya za kukojoa sukari?

Hapo tusimame kidogo. Empagliflozini, dapagliflozini na wenzao wa kundi la SGLT2 zinatoa sukari kupitia mkojo. Kongosho kuvimba kumeripotiwa kwa wachache, ila wana jambo lao lingine ambalo linafanana sana na hili na watu wanachanganya: ketoni (mabaki ya mwili kuchoma mafuta badala ya sukari) kujaa kwenye damu mpaka damu inakuwa na asidi. Mtu anaumwa tumbo, anatapika, anahema haraka haraka, na ukimpima sukari unakuta haijapanda sana, 10 au 12 tu (mmol/L), kwahiyo kila mtu anasema sukari iko sawa sio hiyo. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu hili mwaka 2015. Kama unatumia dawa hizi na unatapika, achana nazo kwa muda na wapimwe ketoni, usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu tu kimashine cha kidoleni kimesoma namba nzuri.

Habari ya dawa na kongosho ilianzia wapi?

Eksenataidi ilikuwa ya kwanza kwenye kundi lake, iliruhusiwa Marekani mwaka 2005. Oktoba 2007 FDA ikatangaza kwamba imepokea ripoti 30 za kongosho kuvimba kwa watu waliokuwa wanaitumia. Agosti 2008 wakaongeza ripoti 6 za ile aina mbaya ya kuvuja damu au kongosho kufa, na wawili kati yao walifariki. Alafu Septemba 2009 ikawa zamu ya sitagliptini, ripoti 88 tangu Oktoba 2006 hadi Februari 2009. Hapo maonyo yakaandikwa.

Ila ripoti ni ripoti. Daktari akiona mgonjwa wake kaumwa akiwa kwenye dawa fulani anaandika, haina maana dawa ndo imefanya, manake mamilioni ya watu wanatumia na kuna ambao wangeumwa tu hata bila dawa. Ripoti inakwambia wapi pa kuchunguza.

Kwahiyo baada ya kuchunguza, ni kweli zinasababisha au sio kweli?

Nitakupa namba uzione mwenyewe.

Kwanza jua kwamba ugonjwa wa sukari wenyewe, bila dawa yoyote, unaongeza uwezekano wa kongosho kuvimba, tafiti kubwa zinaweka kati ya mara moja na nusu hadi karibu mara tatu ya mtu asiye na sukari. Sababu zinaeleweka, wengi tuna uzito mkubwa, mawe ya nyongo, mafuta mengi kwenye damu. Kwahiyo ukilinganisha anayetumia dawa ya sukari na mtu mzima wa afya lazima dawa ionekane mbaya. Inabidi ulinganishe wagonjwa wa sukari kwa wagonjwa wa sukari, nusu wapewe dawa nusu wapewe kidonge au sindano tupu isiyo na dawa.

Walifanya hivo. Utafiti wa LEADER uliotoka 2016 ulikuwa na watu 9,340, waliopata liraglutaidi wakafuatiliwa karibu miaka minne, na kongosho likavimba kwa watu 18 upande wa dawa na watu 23 upande wa sindano tupu. Sasa hapo utasema dawa imefanya nini? Kwa gliptini hali ni tofauti kidogo. TECOS ya 2015 ilikuwa na watu 14,671, sitagliptini ikapata 23, wasiopewa wakapata 12. Peke yake haikutosha kuhitimisha, ila walipojumlisha na tafiti nyingine mbili kubwa za saksagliptini na alogliptini tofauti ikaonekana, ndogo lakini ipo, kama mtu mmoja au wawili wa ziada kwa kila watu 1,000 wanaotumia miaka miwili. Kwa tirzepataidi maelezo ya dawa yenyewe yanaonyesha watu 13 kwenye majaribio, ambayo ni kama wawili kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, na waliolinganishwa nao ni kama mmoja.

Mwaka 2014 FDA na shirika la dawa la Ulaya walikaa pamoja wakapitia kila kitu wakasema ushahidi uliopo hauendani na kusema dawa hizi ndo zinasababisha, ila wakabakiza onyo. Na Juni 2025 wakala wa dawa wa Uingereza, MHRA, ukaanza kukusanya vinasaba vya watu waliolazwa na kongosho wakiwa kwenye dawa za GLP-1 ili waone kama kuna watu ambao damu yao imewaweka kwenye hatari zaidi ya wengine. Nafurahi sana wanafanya hivo kwa sababu kwa mtu mmoja mmoja wastani hausaidii, mama yangu hakuumwa kwa wastani.

Mimi nachukulia hivi: ni nadra sana, wala sio sababu ya kuzikimbia dawa, lakini likitokea ni la dharura kiasi kwamba kila anayezitumia lazima ajue dalili zake kwa kichwa.

Tangu nianze sindano nina kichefuchefu kila siku. Ndo kongosho tayari?

Karibu hakika hapana. Kichefuchefu, kutapika kidogo, kukosa hamu, kufunga choo au kuharisha ndo kero za kawaida kabisa za sindano hizi, hasa wiki za mwanzo na kila dozi ikipandishwa, na kwa wengi zinapungua zenyewe. Kula kidogo kidogo, acha kula ukianza tu kuhisi kushiba, punguza mafuta.

Cha kuangalia ni maumivu. Kichefuchefu bila maumivu makali ni jambo la kumpigia daktari kesho. Maumivu makali ya juu ya tumbo yasiyoisha, iwe unatapika iwe hutapiki, ni jambo la leo, sasa hivi. Na kama unatapika kiasi kwamba hata maji hayakai, hiyo nayo ni ya leo, hata kama kongosho ni zima, kwa sababu figo za mwenye sukari hazivumilii kukaukiwa maji.

Nani yuko kwenye hatari zaidi?

Aliyewahi kuumwa kongosho siku za nyuma, huyo yuko mbele ya wote, na kabla hajapewa sindano au gliptini inabidi aseme. Watu kama hao mara nyingi hawakuingizwa kabisa kwenye majaribio ya dawa kwahiyo daktari mwangalifu atatafuta dawa nyingine.

Anafuata mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mawe na pombe ndo sababu mbili zinazoongoza za kongosho kuvimba kwa watu wote, ziwepo dawa zisiwepo. Na hapa kuna kona ambayo wengi hawaioni: ukipungua uzito haraka sana mawe ya nyongo yanajitengeneza kirahisi, na dawa za GLP-1 zenyewe zinahusishwa na matatizo ya mfuko wa nyongo. Kwahiyo inawezekana sindano haijaligusa kongosho moja kwa moja, imekupunguza kilo nyingi, jiwe likajitengeneza, likateleza likaziba njia ambayo kongosho na ini wanachangia kumwagia kwenye utumbo. Ukisikia maumivu upande wa kulia chini ya mbavu yanayokuja baada ya kula mafuta, usisubiri, omba ultrasaundi.

Alafu trigliseraidi, haya ni mafuta ya kwenye damu. Kawaida ni chini ya 150 mg/dL (kwa kipimo kingine 1.7 mmol/L), yakivuka 1,000 (karibu 11.3) kongosho liko hatarini kweli, na sukari isiyotulia ndo inayoyapandisha. Kuna watu wanalaumu dawa kumbe trigliseraidi zilikuwa juu miaka hawajawahi kupimwa hata siku moja.

Na dawa nyingine zipo pia. Azathioprini ya kupunguza kinga ya mwili, valproeti ya kifafa, baadhi ya dawa za kukojoza maji na baadhi ya dawa za presha zimeandikwa kwenye orodha hiyo. Peleka dawa zako ZOTE, na za mitishamba pia, usione aibu.

Maumivu yameanza usiku huu. Nifanye nini?

Acha kula. Usijichome sindano ya GLP-1 inayofuata wala usimeze gliptini. Nenda hospitali kubwa yenye maabara, usiku huo huo, usisubiri kupambazuke. Usiendelee kuzima maumivu kwa vidonge juu ya vidonge, sisi tulifanya hivo tukapoteza siku mbili.

Kama unatumia insulini USIIACHE kwa sababu huli. Dozi inaweza kubadilishwa ila kuikata kabisa, hasa ile ya muda mrefu, ni kujiingiza kwenye ketoni. Pima sukari mara kwa mara njiani mpaka ufike.

Beba boksi la dawa. Au piga picha. Ukifika sema maneno haya haya: nina sukari, natumia dawa fulani, inaweza kuleta shida ya kongosho, naomba nipimwe lipesi (kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu). Sio kumfundisha daktari kazi, zamu ya usiku ina watu wengi na tumbo linauma kwa sababu mia moja, unamsaidia kufikiria haraka.

Watapima nini?

Damu, lipesi ndo kipimo kizuri zaidi, amilesi, kimeng'enya kingine, inatumika pia ila inashuka mapema, ndani ya siku chache imerudi kawaida wakati lipesi inabaki juu wiki moja au zaidi, kwahiyo aliyechelewa kama mama amilesi inaweza kumdanganya. Utambuzi unahitaji vitu viwili kati ya vitatu: maumivu ya aina ile, lipesi au amilesi iliyopanda angalau mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, na picha inayoonyesha. Ukiwa na maumivu na lipesi iko juu hivo, imetosha, sio lazima uingizwe kwenye siti skani siku ya kwanza. Ultrasaundi ya nyongo lakini karibu kila mtu anatakiwa apate. Watapima na trigliseraidi, kalsiamu, figo, ini, na moyo.

Nilipima tu nikakuta lipesi imepanda kidogo, siumwi popote.

Dawa za GLP-1 zinapandisha lipesi na amilesi kidogo kwa watu wengi tu bila kongosho kuwa na shida yoyote. Ndo sababu haishauriwi kupima pima bila dalili. Kama huna maumivu usihangaike kuacha dawa kwa ajili ya namba hiyo, ongea na daktari wako.

Matibabu yake ni yapi? Kuna dawa ya kuponya kongosho?

Dawa ya kulituliza kongosho moja kwa moja haipo kwenye matumizi ya kawaida. Wanakupa maji ya dripu, wanapunguza maumivu vizuri (usikubali kuteseka, dawa kali za maumivu zinaruhusiwa), wanaangalia sukari, pumzi, mkojo. Maji nayo zamani yalimwagwa mengi sana, utafiti wa WATERFALL uliotoka 2022 ukasimamishwa kabla ya muda kwa sababu waliopewa mengi walizidiwa na maji mwilini bila faida, siku hizi ni kwa kiasi na kwa kupima.

Kingine kilichobadilika ni chakula. Zamani mgonjwa alikaa na njaa siku nyingi eti kongosho lipumzike. Sasa hivi mwenye hali isiyo kali anaanza kula mapema, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza au ya pili, pale anapoweza na hatapiki. Antibiotiki hazitolewi kwa kila mtu, mpaka kuwe na maambukizi. Kama chanzo ni jiwe, mfuko wa nyongo unatolewa, na kwa hali isiyo kali inashauriwa utolewe kabla mgonjwa hajaruhusiwa, manake ukirudi nyumbani nao jiwe lingine linaweza kushuka wiki ijayo.

Nikipona naweza kurudia ile dawa?

Ikithibitishwa kwamba kongosho lilivimba ukiwa kwenye GLP-1 au gliptini, maelezo ya dawa yanasema usirudishiwe. Na kubadilisha kutoka sindano kwenda gliptini au gliptini kwenda sindano sio suluhisho, zote mbili zinapita kwenye homoni ile ile. Zipo njia nyingine, metformini, insulini, gliklazidi, na kwa baadhi SGLT2 kulingana na figo na moyo wao. Mama yuko kwenye insulini na metformini na sukari yake imetulia kuliko hata zamani.

Uliza iandikwe kwenye faili na wewe andika kwenye simu yako jina la dawa, tarehe, kilichotokea. Faili zinapotea na miaka mitano baadae daktari mpya ataona uzito wako atakuandikia sindano ile ile kwa nia njema kabisa.

Sindano ni ya wiki na nilijichoma juzi. Inaweza kutolewa mwilini?

Hapana. Semaglutaidi inapungua nusu kila baada ya wiki moja hivi, kwahiyo mabaki yake yanakaa karibu wiki tano. Dulaglutaidi na tirzepataidi nusu yake ni kama siku tano. Hospitali watakutibu huku dawa ikiwa bado inaisha taratibu, wanachohitaji ni kujua tarehe ya mwisho uliyojichoma.

Mimi sina sukari, natumia sindano kupunguza uzito tu. Hii inanihusu?

Inakuhusu sawa sawa, labda zaidi upande wa mawe, kwa sababu dozi za uzito ni kubwa na kilo zinashuka haraka. Wasiwasi wangu mkubwa ni kwa wanaonunua bila daktari, wengine vichupa visivyojulikana vimetoka wapi, wanajipandishia dozi wenyewe. Huyo akiumwa tumbo anaona aibu kusema hospitali alikuwa anajichoma nini. Tafadhali sema. Hakuna atakayekupima lipesi haraka kama hajui.

Nilisikia zinaleta saratani ya kongosho.

Hofu hiyo ilipamba moto 2013 baada ya watafiti kuonyesha mabadiliko kwenye kongosho za marehemu wachache waliokuwa wanatumia. Mapitio ya 2014 niliyosema hapo juu yaliangalia na hili, na tafiti kubwa zilizofuata hazijaonyesha kwamba dawa zinaongeza saratani hiyo. Kilichopo ni kwamba saratani ya kongosho yenyewe wakati mwingine inajitokeza kwanza kama sukari mpya, au sukari iliyokuwa nzuri ikaharibika ghafla, mtu anakonda bila sababu. Huyo anahitaji kuchunguzwa, dawa yoyote anayotumia.

Kongosho likivimba linaweza kumletea sukari mtu ambaye hakuwa nayo?

Ndio. Seli za insulini zikiharibika za kutosha sukari inaingia, madaktari wengine wanaiita aina ya 3c. Na mwenye sukari tayari anaweza kutoka hospitali akihitaji insulini ambayo hakuihitaji kabla. Ukiona choo kinaelea, cha mafuta, kinanuka sana miezi baada ya kupona, sema, inaweza kuwa vimeng'enya havitoshi na vidonge vyake vipo.

Namuuguza mzazi ambaye halalamiki. Nitajuaje?

Angalia mkao na angalia sahani. Mama hakusema anaumwa kiasi gani mpaka asubuhi ya pili, wazee wetu wengi ndo walivyo, wanasema ni kitumbo tu kitapita. Ila alikuwa amekataa chakula mara tatu mfululizo, hakutaka kulala chali, alikuwa anaegemea mbele ameshika mto tumboni, na nilipomgusa mkono ulikuwa na jasho la baridi. Mwulize moja kwa moja: mama, inauma mpaka mgongoni? Mimi niliuliza hilo swali tukiwa tayari tuko kwenye gari, akaniambia toka jana.